Mpishi Aliyeokoka Mara Kumi

Mpishi alikuwa na sheria moja tu kwa wahubiri: ukitaka kunihubiria, kaa chini, shika ungo.

Alikuwa mpishi mkuu wa chuo cha ualimu kule kilimani, nje kidogo ya mji wa Mbinga, na mimi nilikuwa namuuzia usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Kila Jumatatu nilikuwa nateremka ziwani, Liuli au Ngumbo, kutegemea wapi wamevua, nanunua kwa akina mama wanaoanika, napandisha milima nao, na Jumatano asubuhi niko mlango wa nyuma wa jiko la chuo na mizani yangu. Miaka tisa. Nimehesabu tena: tisa na miezi minne. Katika muda wote huo hatukuwahi kupatana bei bila kubishana, ila mara moja, na hatukuwahi kubishana kabla hajanipa chai.

Nikimpa shikamoo, ataitikia marahaba, kisha atauliza, "Leo binti umeniletea samaki au umeniletea ufukwe?" Maana usipa wakianikwa chini badala ya kwenye vichanja, wanakuja na mchanga wao. Atachota kiganja kimoja, atakikung'uta juu ya karatasi nyeupe, kisha atanionyesha chembe tatu za mchanga kama polisi anayeonyesha kidhibiti. Nilimwambia siku moja kwamba mchanga huo ni wa kwao Ngumbo, kakulia juu yake, ashukuru nimemletea bila nauli. Alicheka mpaka akaketi. Bei hakupandisha.

Sasa hao wahubiri. Chuo kile kilikuwa na vikundi vitano vya maombi, sita ukihesabu kile kilichojigawa. Jioni baada ya vipindi walikuwa wakitoka wawili wawili, wanaanzia mabwenini, wanapita kibanda cha mlinzi, wanamalizia jikoni. Jikoni ni mahali pazuri pa kuhubiri, kwa sababu mtu mwenye ugali wa wanafunzi mia nne motoni hawezi kukukimbia. Walikuwa vijana wa heshima, nisiwasingizie. Viatu vimepigwa rangi, sauti ya chini. Swali lao lilikuwa moja: "Mzee, ukifa leo, roho yako inakwenda wapi?"

Mpishi alikuwa akijibu kwamba swali hilo ni zito, halijibiwi watu wamesimama. Anavuta kigoda, anamkalisha mhubiri, anamwekea ungo wa maharage mapajani. Maharage ya Mbinga ni mazuri, sitaki ugomvi na mtu, lakini wakulima wengi huyaanika kando ya barabara, na barabara hiyo hiyo ndiyo ya malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka. Debe moja lina kokoto, lina udongo, lina hata chembe za makaa. Kuchambua maharage ya chuo kizima ni kazi ya watu wanne. Mpishi alikuwa na wasaidizi wawili. Wale wengine wawili walikuwa watumishi wa Mungu, wakipokezana.

"Mtu akikuhubiria mpe kazi ya mikono," aliniambia. "Ungo ukiisha, na maneno yanakuwa yamepungua." Na kweli. Nimewahi kukaa pale nikasikiliza kijana akianza na moto wa jehanamu kwenye ungo wa kwanza, na kufika ungo wa tatu anamsimulia Mpishi jinsi mama yake anavyoumwa mgongo kule Songea, hana wa kumtekea maji. Mpishi hakubishana nao hata siku moja. Alikuwa akitikisa kichwa, anaonja chumvi, anasema, "Nimekusikia, mwanangu."

Mimi pia nilihubiriwa. Niliwajibu kama ninavyojibu sokoni, kwamba bei ya kwanza huwa siikubali, warudi kesho. Walirudi. Wale hawachoki.

Kikundi kimoja kilikuja na kadi. Kadi ngumu ya manjano, ina nafasi ya jina, tarehe na sahihi, na juu imeandikwa kwamba leo nimeamua. Vikundi vingine vikaiga, kila kimoja na rangi yake. Mpishi alizisaini zote. Alikuwa akizihifadhi kwenye kopo la majani ya chai, juu ya rafu ya chumvi, na siku moja nilizishusha nikazihesabu: tisa. Nikarudia, zikawa kumi. Mbili zilikuwa zimegandana kwa mafuta ya kupikia.

Nikamuuliza anaokokaje mara kumi na bado anaiba vipimo vya mizani yangu. Alisema kijana kapanda kilima kile kwa miguu, njaa inamuuma, anataka kitu cha kupeleka kwa wenzake. Utamrudishaje mikono mitupu? "Sahihi yangu hainigharimu kitu," akasema, "na yeye analala vizuri."

Kwao walikuwa Waanglikana wa mwambao. Jumapili alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, kwa sababu ya sufuria, na nyimbo zote alizijua bila kitabu. Walipomtaka abatizwe tena kwa maji mengi, hapo tu ndipo alipokataa. Alisema maji mengi anayajua, amekulia ndani yake na alinusurika kufa mara mbili.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Mwanafunzi aliyechelewa bwaloni alimwekea sahani hata kama kanuni zilikataza, lakini ukichomoa ukuni mmoja kwenye lundo lake atakuuliza umepeleka wapi. Uongo mdogo mdogo ulimtoka kama pumzi: mkuu wa chuo akiuliza kama wali umeiva, umeiva, na mchele bado uko kwenye gunia. Hakula chakula chake mpaka mwanafunzi wa mwisho awe ameshiba. Na katika maisha yake hakuwahi kufunga. Kwaresima ikifika kila mtu anapunguza, yeye yuko pale na mwiko. "Mpishi akifunga," alisema, "chumvi ataonja nani?"

Neno hilo lilikuja kumrudia.

Alikuwa na binti mmoja, Editha, wa mwisho na ndiye pekee aliyebaki kwake baada ya mama yake kufariki. Alisoma chuo hicho hicho. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na vidole vyake vilikuwa vya jikoni. Tangu mdogo aliweza kuchambua ungo mzima huku anaangalia pembeni anaongea nawe. Mwaka wa pili akajiunga na kikundi cha maombi, kile kile cha kadi za manjano. Mpishi hakuona neno. Mtoto anasali, hajapata mimba, hanywi. Aliniambia hayo kwa kujivuna, akaongeza kwamba sasa ana mchambuaji wa kudumu.

Wiki chache kabla ya mtihani wa mwisho, nilifika Jumatano moja nikamkuta Mpishi ameshika sahani yenye ugali uliokauka. Aliniambia Editha hajaja bwaloni siku tatu. Alidhani anaumwa, akapeleka chakula bwenini, kikarudi. Akapeleka tena, kikarudi na asante. Alikuwa anafunga. Maji tu, siku ishirini na moja.

Nikasema ni vijana, njaa itamrudisha. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza, na katika ushauri nilioutoa ule ndio uliokuwa na madhara machache.

Alimwita jikoni. Nilikuwepo, nimejifanya nasoma mizani. Akamwambia mtihani uko karibu, atasomaje na tumbo tupu, na Mungu gani anataka mtoto wa mpishi afe njaa. Editha alimsikiliza mpaka mwisho, amesimama kwa adabu, mikono nyuma. Kisha akanyanyua mkono akashusha lile kopo la majani ya chai, akalifunua, akalitua mezani mbele yake.

"Nafunga kwa ajili yako, baba," alisema. "Hizi umewachezea watu. Mmoja wao ni mimi."

Nilikuja kujua baadaye kwamba kadi ya tatu kutoka juu ilikuwa na mwandiko wake. Aliijaza jina la baba yake kwa mkono wake mwaka uliopita, baba akasaini huku anakoroga mboga, na mtoto akaenda bwenini akalia kwa furaha, na kikundi kizima kikaimba. Halafu akaja kuikuta kwenye kopo, pamoja na nyingine tisa.

Mpishi alisema kitu kuhusu kufunga, kwamba hata Mungu anajua mwili una kiasi chake. Editha akamjibu taratibu, kama mtu anayemrudishia mwenzake chenji:

"Wewe hujafunga hata siku moja. Utanifundisha kipimo chake?"

Siku ya tisa Mpishi alivua aproni, akanawa uso, akaenda mwenyewe kumtafuta kiongozi wa kile kikundi. Alikuwa kijana mwembamba wa mwaka wa tatu, na ukweli ni kwamba naye alikuwa ameshaingiwa na hofu. Alimwambia Mpishi kuwa hakumwagiza Editha siku ishirini na moja, yeye alifundisha siku tatu tu, tena wenye mtihani aliwasamehe. Mpishi akamwambia hayo ayaache, amwokoe yeye Mpishi, safari hii kweli kweli. Walipiga magoti wote wawili nyuma ya bwalo, kwenye majivu. Kijana akasali kwa muda mrefu. Mpishi akaitikia kila kitu. Alilia, nimeambiwa na wasaidizi wake, na hao si watu wa kumpendelea.

Akapewa kadi, akasaini, akaipeleka bwenini mwenyewe ameishika kwa mikono miwili. Editha aliisoma pande zote mbili. Akasema, "Hii ni ya kumi na moja, baba," akamrudishia.

Sijui kama aliokoka siku ile. Yeye mwenyewe hakujua. Aliniambia, "Binti, nilisema kweli, lakini nilisema kwa sababu nataka ale. Sasa hapo ukweli uko wapi?" Mimi nimezoea kupima vitu. Hicho sikuwa na mizani yake.

Hapo ndipo nilipotoa ushauri wangu wa pili.

Maji aliyokunywa Editha yalitoka jikoni. Baba yake aliyachemsha, akampelekea kila asubuhi kwenye chupa ya chai, na hilo mtoto hakulikataa. Nikamwambia Mpishi: si unapika wali Jumanne na Ijumaa? Yale maji ya mchele hayana ladha wala harufu. Yachuje, yapoze, yachanganye na maji yake. Hatajua, na tumbo litapata kitu. Nilisema kwa ujanja ule ule wa kuchanganya usipa wa juzi na wa leo. Nikaongeza, kwa sababu ndivyo nilivyo, "Uyachuje mara mbili."

Aliyachuja mara mbili. Wali ulikuwa wa siku mbili kwa wiki, lakini mchele wa konzi moja alianza kuupika kila siku kwa ajili ya maji yake. Jumatano iliyofuata niliporudi aliniambia uso wa mtoto umeanza kurudi, anatembea bila kushika ukuta. Alinipa bei niliyoitaja bila kubisha. Ilinitia wasiwasi.

Siku ya kumi na nane Editha alikuja jikoni na chupa. Yaliyotokea nimesimuliwa na Mpishi mwenyewe, na wasaidizi walisimulia hivyo hivyo. Alikuwa ameiacha chupa imesimama, na ndani yake, chini, kulikuwa na utando mweupe. Alimuuliza baba yake mbele ya watu ni nini kile. Mtu huyu, aliyemwambia mkuu wa chuo wali umeiva na uko kwenye gunia, aliyewaambia watu kumi ameokoka, alikosa uongo mmoja wa kumwokoa.

"Maji ya mchele," akasema.

Editha hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu, kwa sababu mtu mwenye hasira unaweza kumbembeleza. Alimshukuru kwa upendo wake. Akamimina yaliyobaki kwenye majivu, akaisuuza chupa, akaifunga, akaiweka kwenye rafu. Akasema:

"Basi leo ni siku ya kwanza."

Zilikuwa zimebaki siku nne. Nne tu, nimezihesabu mara nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuhesabu. Mfungo ule ungeisha kabla ya mtihani. Kwa ujanja wetu, mimi na Mpishi tuliongeza siku kumi na saba, na mtihani ukaangukia katikati. Kuanzia hapo akanywa maji ya bomba la uani, akiyakinga mwenyewe.

Watu walijaribu. Kiongozi wa kikundi alikwenda kumwambia Mungu ameshapokea, inatosha. Editha akamwambia si yeye aliyemtuma. Mkuu wa chuo alimwita, akatoka kama alivyoingia. Kasisi wa Mpishi alikuja, akaongea vizuri, akaondoka anafuta miwani. Mimi nilikwenda kuungama kuwa wazo la mchele lilikuwa langu. Aliniambia, "Najua, shangazi. Baba hachuji mara mbili."

Mtihani wa kwanza aliufanya. Wa pili alianguka na kalamu mkononi. Hospitali wakamtundikia dripu, na alipofumbua macho akamuuliza muuguzi kama dripu ni chakula. Muuguzi alisema hajui, labda aulize daktari. Mpishi alikuwa amekaa kando ya kitanda, kwenye sakafu, na bakuli la uji ambao hakuna aliyeugusa. Alikaa hivyo siku tatu. Siku ya nne mtoto alikunywa uji wa hospitali, vijiko sita. Wa baba yake hakuunywa.

Hakurudi kumalizia mitihani. Aliondoka na wahubiri wengine, watu wazima, wanaozunguka vijiji vya mwambao nyumba kwa nyumba. Mpishi alipika muhula mmoja zaidi. Wahubiri walipokuja jikoni aliwaambia kwa upole maharage yameshachambuliwa. Nilipoingia nikaona magunia mawili hayajafunguliwa.

Alipostaafu alirudi Ngumbo, na mimi nikampoteza kwa kama miaka miwili.

Nilimwona Jumatatu moja asubuhi. Nilikuwa nimeteremka kununua, na kwa kuwa nilijua yuko pale nilimbebea sado moja ya maharage ya Mbinga. Niliyachambua mwenyewe nyumbani, mara mbili, ili nisimpe nafasi ya kusema. Alikuwa amekaa kwenye baraza ya nyumba yake, amepungua, shingo imekuwa ndefu. Akaitikia marahaba. Akachota kiganja cha maharage, akakitazama, akakosa hata kokoto moja, na nikaona nimemnyima furaha.

Chai haijapoa, mama wa jirani akapaza sauti toka uani kwake kwamba wale wa neno wapo kwake, wanamalizia sala, na "yule wako" yumo. Mpishi alisimama, akazunguka nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa amekunja ngumi. Akamimina maharage yangu yote kwenye ungo, akafungua ngumi juu yake. Zilikuwa kokoto, na chembe mbili za makaa ambazo sijui alizitunza wapi muda wote huo. Nilizihesabu zikianguka, makaa yakiwemo. Ishirini. Akayakoroga kwa mkono, akaketi.

Editha alikuja na mwanamke mmoja mkubwa kwake. Alikuwa mwembamba, lakini si wa kuumwa. Akapiga goti kidogo, shikamoo baba, marahaba mwanangu, kwangu pia. Kisha akajiweka sawa, akamwambia Bwana asifiwe, na Mpishi akaitikia amina. Halafu akamuuliza lile swali, kama anavyomuuliza kila mtu kwenye kila mlango.

Mpishi akasema hilo ni swali zito. Kabla hajamaliza, Editha alikuwa ameshauvuta ungo mapajani.

Alihubiri vizuri. Nimesikia wengi, naweza kulinganisha. Alizungumza taratibu, anamwangalia baba yake, na vidole vyake vinakwenda vyenyewe, kokoto zinaruka moja moja zinaanguka sakafuni. Baba hakutazama uso. Alitazama vifundo vya mikono yake, muda wote, kama anavyotazama mizani. Nadhani aliona, kama nilivyoona mimi, kwamba kokoto zile zilikuwa za ziwani, laini, za mviringo, na hakuna maharage ya Mbinga yenye kokoto za namna ile. Editha aligeuza moja kwenye vidole. Akaitupa na nyingine, akaendelea.

Ungo ulipoisha alitoa kadi. Ilikuwa nyeupe. Mpishi aliishika, akaisoma, pande zote mbili, akamrudishia.

"Bado, mwanangu," alisema. "Bado sijaweza kuamini."

Yule mwenzake akafungua mdomo, Editha akamzuia kwa mkono.

"Hilo nakusadiki, baba," akasema.

Mpishi akamuuliza kama amekula. Editha akasema yuko kwenye maombi ya kufunga. Baba hakuuliza ni kwa ajili ya nani. Walikuwa wanakwenda kijiji kinachofuata na gari lilikuwa linapiga honi barabarani. Akapiga goti tena, akaaga, akaenda. Tulimtazama mpaka kwenye kona ya mihogo.

Mpishi aliinama, akaziokota kokoto zote sakafuni pamoja na makaa, akanimiminia kiganjani. "Wewe ni mtu wa hesabu," akasema. "Nilitia ishirini."

Nikahesabu. Kumi na tisa. Nikarudia. Kumi na tisa.

"Basi moja imebaki humu," alisema. Akayarudisha maharage kwenye mfuko pole pole, akaufunga fundo, akauweka juu, mahali ambapo mtu asingeyapika kwa bahati mbaya. "Atarudi kuimalizia. Hajawahi kuacha ungo na kokoto, huyu."

Nikamwambia ndiyo, hajawahi.

Ya ishirini ilikuwa chini ya ndala yangu. Niliisikia tangu ilipoanguka. Nilikaa nimeikanyaga mpaka nilipoaga, na nilipoinuka nikaondoka nayo.